Utepe wa Teleksi

Katika mji mzima wa Tabora, mtoto wa kwanza kusoma utepe wa teleksi nilikuwa mimi, Mwanne binti Shaban. Sikujua hata tundu moja lilisema nini, lakini nilisoma, tena kwa sauti.

Ulikuwa mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa darasa la tano. Kila nikitoka shuleni nilimpelekea baba chakula katika ofisi ya tumbaku karibu na stesheni, alikokuwa mlinzi. Ndani mlikuwa na mashine ya teleksi. Karani wake, Ndugu Anton, akibonyeza herufi, mashine ilitoboa matundu kwenye utepe wa karatasi. Utepe ukipitishwa mashineni, maneno yalijipiga yenyewe hapa Tabora na kule Kaliua kwa wakati mmoja. Tepe zilizokwisha kazi zilitupwa kapuni, nami niliziokota.

Jirani yetu wa mtaa wa Gongoni, Bi Mwamvita, alikuwa akikaanga vitumbua. Hakujua kusoma. Mwanawe wa pekee, Nassibu, alikuwa mpakiaji katika ghala la tumbaku Kaliua, na salamu zake zilikuwa zimekatika. Siku moja bibi huyo aliniona nimevaa utepe shingoni kama mkufu.

"Mwanne, hiyo si ndiyo simu ya Kaliua? Hebu nitazamie, mjukuu wangu. Nassibu hajanitaja humo?"

Nilivitazama vitumbua. Vilikuwa vya moto.

"Kakutaja, bibi. Anasema, 'Mama, usihangaike, nakuja Ijumaa.'"

Alinipa vinne. Ijumaa akajitanda khanga mpya, akaenda stesheni, akarudi peke yake. Nikamsomea utepe mwingine: kazi zimezidi, Ijumaa ijayo. Vinne tena.

"Siku akijua," rafiki yangu Minza aliniambia, "atakukaanga wewe."

"Hajui A wala B, atajuaje?" Nikampa Minza kimoja, akanyamaza.

Wiki ya tatu nilimkuta Bi Mwamvita amefunga mzigo. "Naenda Kaliua," alisema. "Moyo umekataa kutulia."

Akienda, nani atanikaangia? Nikachomoa utepe. "Bibi, anasema usije, mtapishana njiani."

Akaufungua mzigo wake, taratibu, nguo moja moja. Mimi nilikula nikashiba.

Wiki ya tano nilikuwa ofisini na bakuli la baba, mara Bi Mwamvita akaingia na sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo, mama," alisema Ndugu Anton.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea asante, kwa salamu za Nassibu."

"Mama, hapa tunapeleka habari za magunia tu. Nassibu ni nani?"

Akaelezwa. Akaketi mashineni, akawauliza Kaliua. Tukasubiri. Mashine ilipogonga jibu, alilisoma polepole: "Nassibu aliangukiwa na marobota, amevunjika mguu. Yuko hospitali wiki ya saba. Kila treni ikipiga honi anauliza kama mama yake ameshuka."

Bi Mwamvita aliketi sakafuni. Hakulia.

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo," alisema. "Nikaambiwa tutapishana njiani."

Baba alimwinua. "Treni ya Kigoma inapita Kaliua, nayo inaondoka leo jioni, dada. Nitakupandisha mwenyewe."

Ndugu Anton akanigeukia. "Nani alimwambia watapishana njiani?"

"Mimi nilisoma kilichoandikwa tu," nilijibu. "Labda Kaliua walikosea."

Hakubishana nami. Aligeukia mashine, akaanza kutoboa utepe mpya huku akisema, "Sikia, Mwanne. Kusema sijui ni aibu ya dakika moja. Ukijifanya unajua, anayeumia ni aliyekuamini. Huyu mama kaumia wiki tano, na mwanawe kitandani vilevile, kwa ajili ya tumbo lako."

Akaukata utepe, akanipa. "Usome huu. Ukiweza, nitakuomba radhi mbele ya baba yako."

Wote walinitazama. Nilipitisha kidole juu ya matundu.

"Unasema, 'Mama, nimepata nafuu. Usimkasirikie Mwanne.'"

Ndugu Anton aliuchukua, akaupitisha mashineni. Ikagonga mstari mmoja. Akaichana karatasi na kumkabidhi baba, ambaye mwaka ule ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Baba aliweka kidole chini ya kila neno.

"Mtoto... huyu... sasa hivi... atadanganya... tena."