Kitanda cha Kioo Kidogo

Kaeni vizuri, nyote. Aliye nyuma asogee mbele. Mnasikia mlio ule? Vuuuuu! Hiyo ni injini ya ndege.

Milembe anaujua sana mlio huo. Kwao ni Mwanza, karibu na uwanja wa ndege. Na mama yake ni fundi wa injini za ndege.

Injini ya ndege ni kubwa. Milembe anaweza kusimama ndani yake bila kuinama! Ndani mna mapanga mengi kama ya feni, membamba, yanayozunguka. Vuuuuu!

Mama huchungulia humo kwa kioo kidogo. Kioo hicho kina mkono mrefu, mwembamba. Huingia mahali ambapo kichwa cha mama hakiingii.

Kule karakana kuna sanduku jekundu. Ndani yake, kila kifaa kina kitanda chake. Spana ina kitanda chenye umbo la spana. Bisibisi ina kitanda chenye umbo la bisibisi. Na kioo kidogo nacho kina chake.

Kazi ikiisha, mafundi hutazama vitanda vyote. Kwa nini? Kwa sababu kifaa kikisahauliwa ndani ya injini, injini itaharibika. Ndiyo maana mafundi husema:

"Kitanda kikiwa kitupu,
ndege hairuki ng'o!"

Siku moja, shuleni kwa Milembe kulikuwa na sherehe. Milembe alichaguliwa kuwa twiga katika mchezo wa kuigiza.

"Mama, usichelewe," alisema asubuhi. "Twiga anatokea mara moja tu."

"Sichelewi, mwanangu. Twiga wangu nimkose?"

Lakini siku hiyo kazi ilikuwa nyingi. Mama alichungulia, akasafisha, akakaza. Kriki, kriki, kriki. Jua likaanza kushuka.

Mzee Bwire, mkuu wa mafundi, akamwita. "Dada, bado upo? Twiga hasubiri! Nenda. Sanduku nitalifunga mimi."

"Asante, mzee!" Mama akatoka mbio. Hata ovaroli hakuivua.

Alifika shuleni wakati Milembe anaingia. Tuku, tuku, tuku, twiga akatembea. Akanyoosha shingo. Akala majani ya juu kabisa.

Mama akapiga vigelegele kuwashinda watu wote. "Lililililiii!"

Mchezo ulipoisha, Milembe akamkimbilia mama. Akamkumbatia mguu, kwa nguvu.

"Aii! Mama, mguu wako una mfupa nje!"

"Mfupa? Mfupa gani?" Mama akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli, ule wa pajani. Akatoa kioo kidogo.

Mama akakigeuza mkononi. Uso wake ukabadilika.

Milembe akakumbuka. Akanong'ona:

"Kitanda kikiwa kitupu,
ndege hairuki ng'o."

Mama akapiga simu karakana. Kriii, kriii, kriii. Hakuna aliyepokea. Mafundi wakiwa kazini, simu zao hukaa kabatini.

"Twende, Milembe."

"Lakini mama, pilau bado! Na mimi ndiye twiga!"

Mama akachuchumaa. Akamshika mikono yote miwili. "Najua, mama. Hata mimi pilau naisikia inavyonukia. Ila wenzangu wanaifungua injini sasa hivi. Wanatafuta kitu nilicho nacho mimi. Na abiria wanangoja kwenda kwao."

Milembe akaitazama sufuria ya pilau. Akamtazama mama. "Basi twende," alisema kwa sauti ndogo.

Wakapanda bajaji. Tutututututu! Wakapita kwenye mawe makubwa, mawe juu ya mawe.

Mama alitazama mbele. Mkononi alikishika kioo, kama mtu aliyeshika yai.

"Mama, watakugombeza?"

"Sijui, mwanangu."

Milembe akafikiri. "Waambie umekiokota mlangoni. Hawatajua."

Mama akatikisa kichwa. "Nikisema hivyo, watajiuliza, je, kilipita wapi? Kiligonga nini? Wataendelea kuipekua injini. Lazima wajue kilikuwa mfukoni mwangu muda wote."

"Na ukiogopa?"

"Naogopa sasa hivi, Milembe."

Tutututututu. Wakafika.

Karakana ilikuwa imewaka taa zote. Injini ilikuwa wazi. Mafundi walikuwa wamelala, wengine chali, wengine kifudifudi, wanamulika kwa tochi. Sanduku jekundu lilikuwa wazi pia. Kitanda kimoja kilikuwa kitupu.

Milembe akasimama nyuma ya mstari wa manjano. Hapo ndipo wageni husimama.

Mama akavuka mstari. Alitembea polepole.

"Mzee Bwire," akasema. Sauti haikutoka vizuri. Akajaribu tena. "Mzee Bwire. Jamani, wenzangu. Kioo ninacho mimi. Nilikitia mfukoni, nikasahau. Hakikuingia kwenye injini tena. Nisameheni."

Tochi zote zikazimika. Pa, pa, pa.

Milembe akauma kidole.

Mzee Bwire akatoka chini ya injini. Uso wake ulikuwa grisi tupu. Akakitazama kioo. Akamtazama mama.

Kisha akashusha pumzi ndefu. "Fyuuuu! Afadhali mfukoni kuliko injinini!" Akaangua kicheko. "Dada, mgongo wangu huu utakudai chai!"

Mafundi wengine nao wakacheka. "Na maandazi!" mmoja akadakia.

Mzee Bwire akaacha kucheka. "Lakini tangu leo, dada, hatoki mtu mpaka vitanda vijae. Hata twiga atangoja. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Kosa hili tunagawana."

"Tumekubaliana, mzee," mama akasema. Akapangusa macho kwa mkono wa ovaroli.

"Na nani aliyekiona kioo?"

"Huyo pale."

Mzee Bwire akalibeba sanduku jekundu hadi kwenye mstari wa manjano.

"Shikamoo, babu," Milembe akasema.

"Marahaba, twiga. Hapa kwetu, aliyekiona kifaa ndiye anayekilaza. Haya, kilaze."

Milembe akakishika kioo kwa mikono miwili. Akakilaza taratibu. Tap! Kikaenea sawasawa.

Mafundi wote wakaimba:

"Vitanda vimejaa, vyote vimejaa,
ndege sasa iruke!"

Mama na wenzake wakaifunga injini. Kriki, kriki, kriki. Wakatazama, wakatazama tena. Abiria wakapanda. Vuuuuu! Ndege ikakimbia, ikainuka, ikawa nukta ya taa angani.

Nyumbani, Milembe aliogeshwa, akala ugali na samaki sato, akapanda kitandani. Mama akaketi pembeni yake.

"Mama, ulipowaambia, ulijisikiaje?"

"Midomo ilikauka. Miguu ikawa mizito."

"Halafu?"

"Halafu nikasema. Miguu ikawa miepesi."

Milembe akavuta shuka hadi puani.

"Mama."

"Naam."

"Kile kikombe chako cha maua, kilichovunjika. Si upepo uliokivunja."

"Ehee?"

"Ni mimi. Nilikuwa nacheza mpira ndani."

Mama akamtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. "Nami nilikuwa najiuliza, huu upepo umejifunza lini kufagia vigae na kuvificha chini ya kabati?"

Milembe naye akacheka. Akachezesha vidole vya miguu chini ya shuka.

"Mama! Na yangu imekuwa miepesi!"