Hedfoni Kutoka Machimboni

Kilichoanza ni hatua za miguu. Kwenye gemu Noela alikuwa peke yake, uwanja wa mazoezi, bila adui hata mmoja, na bado mtu alikuwa anatembea nyuma yake, upande wa kushoto.

Noela alikuwa na kibanda cha gemu Shinyanga mjini. Alizoea kupima vifaa na kujirekodi kwa simu, vijana wajue cha kununua. Hedfoni hii ilikuwa ya waya, mtumba, imeletwa kutoka machimbo ya Geita. Migongo ya vikombe vyake vya masikioni ilikuwa wazi, wavu mtupu bila kifuniko, kwa hiyo sauti za ndani zilitoka na za nje ziliingia. Kwa muziki ilikuwa nzuri sana. Magitaa yalikaa mbalimbali, kila moja mahali pake, kana kwamba bendi imo chumbani. Noela alijirekodi akisema hivyo, kwa sauti ile ile kavu aliyoitumia kwa kila kitu tangu mumewe, Bartholomeo, afukiwe na kifusi shimoni huko huko Geita. Aliitwa kuutambua mwili, akautambua, akarudi kupika. Hakulia. Alijiona kama mguu uliokaliwa vibaya, upo lakini umekufa ganzi.

"Zipora, kuna mtu huko nyuma?"

Zipora, mdogo wake Bartholomeo, alikuwa mlangoni akimenya viazi. "Hakuna, wifi. Nyuma si ukuta?"

Noela akasimamisha gemu. Hatua hazikusimama. Zilikuwa nzito, za mtu aliyevaa gambuti zilizojaa maji. Kibanda kikanuka udongo mbichi na baruti. Akachomoa waya kwenye kompyuta, akaushika mkononi, na hapo, kwenye hedfoni isiyounganishwa na chochote, mtu akavuta pumzi kwa shida, akaita, na sauti ikapenya kwenye wavu mpaka mlangoni.

"Zipora."

Kisu kikamponyoka Zipora. "Abee, kaka!"

Kuanzia hapo Zipora hakuivua. Alikaa na hedfoni masikioni, waya ukining'inia kifuani, akinong'ona. Chakula alikisukuma pembeni.

"Wifi, anasema huko kuna giza. Anataka nikamshike mkono."

"Bartholomeo tulimzika Ushirombo. Ulikuwepo."

"Basi huyu ni nani?"

Mchana mmoja Noela alimkosa kibandani, akazunguka nyuma na kumkuta amepiga magoti kwenye shimo alilolichimba kwa mikono, kucha zimeng'oka, damu na udongo vimechanganyika mpaka kwenye viwiko, na huku akicheka kwa furaha alikuwa akiinamisha kichwa zaidi na zaidi, akisema nakuja, kaka, nakuja, wakati kutoka chini kabisa, mahali ambapo mikono yake ilikuwa bado haijafika, kitu kilikuwa kinachimba kuja juu.

Noela alimvuta kwa miguu. Moyo wake haukuenda mbio. Jambo hilo ndilo lililomtisha, kidogo.

Akampeleka Mhunze, Kishapu, kwa mganga aliyeitwa Mama Generosa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kitu hicho kiweke chini." Mganga hakukigusa. "Majini ya mashimoni huokota sauti za waliofia humo, yakazivaa. Nani aliitikia?"

"Mimi," Zipora alinong'ona.

"Likatae kwa kinywa chako."

Zipora akaikumbatia hedfoni. "Siwezi. Ni kaka."

Mama Generosa akamgeukia Noela. "Basi wewe, mjane. Likatae wewe. Ila likikuuliza neno, usijibu."

Noela akaichukua mikononi mwa Zipora, akaivaa. Alisikia maji yakidondoka, mawe yakiteleza, kisha pumzi za mumewe kama zilivyokuwa usiku kitandani, karibu, za uvuguvugu, na akangoja zimuumize, akangoja sana, lakini hazikumuuma.

"Bartholomeo amekufa," alisema. "Mwili niliuona. Wewe si yeye. Mwache dada yake."

Pumzi zikakatika. Zipora akapiga yowe, akatapika maji meusi ya tope, akaanguka, akaomba maji ya kunywa kwa sauti ya kitoto. Na hapo, sikioni mwa Noela, sauti ambayo sasa haikuwa ya Bartholomeo wala ya mtu yeyote ikauliza taratibu, kama jirani anayekujulia hali:

"Na wewe, uko hai?"

Noela mwenyewe alitaka kujua kweli. Mganga akamnyang'anya hedfoni, akaitupa kwenye makaa, nayo ikanuka plastiki na udongo.

"Limekuuliza?"

"Ndiyo."

"Umejibu?"

"Hapana."

"Na lisikusikie kamwe."

Walisubiri gari pembeni ya mnada. Ng'ombe walilia, wachuuzi walipiga kelele. Zipora alikuwa anakula nyama ya kuchoma kwa vidole vilivyofungwa vitambaa, mafuta yakimtiririka kidevuni, akilalamika kwamba chumvi ni kidogo. Amepona, Noela aliwaza. Alijaribu kufurahi.

"Abee," alisema.

Zipora akaacha kutafuna. "Wifi, nani amekuita?"

Noela akainua kidole kumnyamazisha, apate kusikia vizuri.