"Haiko Huyu!": Mchumba Wangu Alinikana Mbele ya Kamera

"Haiko huyu!"

Donatien alisema hivyo akiwa bado ameshika pagne, kitenge nilichokuwa nimefunikwa. Uso wangu uko wazi. Watu karibu mia wanatutazama.

Wakacheka. Walidhani anatania...

Akarudia, safari hii bila kutabasamu.

"Nimesema haiko huyu. Mumufunike!"

Jamani!! Mchumba wangu wa miaka miwili! Siku ya mahari yangu!

Nyinyi mnaosoma mkiwa kwenye tramu, shikeni chuma vizuri. Hasira hii ina miaka karibu thelathini na bado haijapoa.

Kwetu Wakongo, siku ya mahari bibi harusi haletwi hivi hivi. Wasichana wanatolewa mmoja mmoja, wamefunikwa pagne kuanzia kichwani. Upande wa mwanaume unafunua. Kama siye, ukumbi mzima unapiga kelele: "Haiko huyu!" Anarudishwa, analetwa mwingine, mpaka atoke mwenyewe na vigelegele vipasue dari.

Ni mchezo. Raha tupu!

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, 1995, kwenye ukumbi wa parokia karibu na stesheni ya Gare du Nord, Brussels. Alianza binamu yangu Laetitia. "Haiko huyu!" Kicheko. Akaja msichana wa kwaya. "Haiko huyu!" Kicheko tena.

Wa tatu nilikuwa mimi.

Naitwa Jémima. Nimezaliwa Bukavu na baka jeusi upande wa kushoto wa uso, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Baba alinipa jina la binti wa Ayubu, yule anayesifiwa uzuri kwenye Biblia. Shuleni wakanipa jina lao: Makala. Yaani mkaa.

Nikiwa na miaka kumi na tatu nililetwa Brussels kwa shangazi yangu, tante Marie-Claire. Wiki ya kwanza tu akanipeleka madukani Galerie d'Ixelles, akaninunulia kopo la fond de teint, rangi ya kufunika ngozi ya uso, nzito kama ugali.

"Tangu leo, hakuna muntu ataona hii kitu," akasema.

Na hakuna aliyeiona. Miaka kumi na moja sikutoka hata kutupa takataka bila kujipaka. Kanisani wenzangu walilia mbele za Mungu, mimi nilijizuia. Machozi yangenichafua, siri ikatoka.

Donatien peke yake nilimwonyesha. Tulikuwa jikoni kwa tante. Nikanawa uso, nikageuka.

Akaligusa lile baka kwa kidole.

"Mbele yangu usijifiche hata siku moja," akasema. "Ni vile Mungu alikuumba."

Nikaamini... Mjinga mimi!

Asubuhi ya mahari nilijifungia bafuni na kopo langu. Nikapiga magoti kwenye vigae.

"Mungu, miaka yote nakuomba uiondoe. Nimechoka kuomba. Kama uliniangalia ukaona ni sawa, mimi ni nani wa kukusahihisha?"

Nikalia. Nililia mpaka kifua kikawa chepesi, maana safari hii hapakuwa na kitu cha kuharibika usoni. Nikaliacha kopo palepale. Laetitia ndiye aliyenifunika pagne, na aliponiona alisema neno moja tu.

"Yaya... dada yangu, uko muzuri."

Basi nikatoka hivyo. Na yule aliyesema nisijifiche akanikana mbele ya ukumbi.

"Polycarpe, coupe!" akamwambia mpiga video asimamishe kamera. "Rembobine, rudisha mukanda nyuma, tutaanza upya."

Akaniinamia sikioni.

"Mama ataangalia hii cassette kule Lubumbashi. Alisema hataki haya mu famille. Enda ujipakale, dakika tano tu."

"Mu cuisine kwa tante ulisema nini?"

"Cuisine ni cuisine, Jémima! Hapa kuko bantu!"

Mmesikia?? Jikoni ni jikoni, hapa kuna watu! Mimi sikuwa mtu.

Tante Marie-Claire akanivuta mpaka chumba cha nyuma. Kopo nililoliacha bafuni lilikuwa kwenye mkoba wake. Alitembea nalo!

"Kaa chini. Vite, haraka."

"Tante, hapana."

"Casiers za bia ziko pale. Tonton Ngoy, mujomba ya Donatien, na bazee bake bametoka kule Liège. Unataka kutupatisha haya?"

"Na haya yangu mimi?"

"Yako iko na dawa. Dawa njo hii."

Nikalitazama lile kopo. Nikamtazama yeye. Nikalipokea.

"Sawa, tante. Waambie waanze upya."

Akanibusu paji la uso, akatoka mbio.

Taa ya kamera ikawaka. Laetitia akatolewa tena, "haiko huyu", watu wakapiga kelele kwa kujilazimisha. Msichana wa kwaya, vilevile. Kisha mimi.

Donatien akanifunua polepole, tabasamu pana, la kumfurahisha mama.

Tabasamu likakauka.

Sikuwa nimejipaka hata tone!

"Jémima... haukujipakala?"

Sikumjibu. Niliitazama kamera.

"Haiko huyu," nikasema.

Nikawageukia wazee.

"Bazee bangu, mwanaume niliyemukubali alisema nisijifiche mbele yake. Huyu haiko ye. Mumurudishe kwao!"

Tonton Ngoy, mjomba wake, msemaji wa upande wao, akasimama taratibu. Nikajua sasa natukanwa. Lakini alimgeukia mpwa wake.

"Donatien, ulijua huu uso mbele ya leo?"

Donatien akaitupia jicho kamera.

"Ulijua?"

"Oui, tonton."

"Bon. Beba casiers."

Akazibeba zile kreti za bia walizoleta! Moja moja, na suti yake nyeupe, mpaka garini! Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nilikuwa nimechumbiwa na mkakasi wenyewe.

Alipomaliza akamkimbilia mpiga video.

"Polycarpe, futa hiyo cassette!"

Tonton Ngoy akanyoosha mkono.

"Hapana. Nipatie mimi."

Tante alininunia miezi miwili. Siku moja simu ikalia nyumbani, sauti ya mama mzee, mbali sana, kutoka Lubumbashi.

"Mwanangu Jémima? Miye mama ya Donatien. Ngoy alinitumia cassette, nimeiangalia yote."

Nikamwahi kabla hajanitukana.

"Mama, nisamehe..."

"Unisamehe wewe! Sikusema kitu juu ya uso yako hata siku moja. Sikujua kama uko na alama. Haya ilikuwa yake, akaipakala kwangu."

Yaani hata mama yake alimsingizia! Hakutaka mama aone uso wangu, kumbe mama akaona wa kwake.

Tante alikuwa amesimama karibu, sikio amelibandika kwenye simu, amesikia yote. Akaingia bafuni, na baadaye nikalikuta kopo kwenye pipa la taka.

Dada zangu, na nyinyi kaka mnaojificha, nisikilizeni. Anayekupenda jikoni na kukukana ukumbini, hakupendi. Mrudishe kwao na bia zake! Mungu hakukuumba ukiwa rasimu ya kusahihishwa na mtu.

Picha yangu mnayoiona hapo juu haina poda wala filtre.

Na wewe Donatien, najua unasoma. Mama yako aliponipigia simu aliniomba msamaha. Wewe uliyemsingizia, ulimwomba msamaha lini?