Siku ya Vipimo vya Bure

Kila asubuhi Mama Mbao alifagia maranda mbele ya karakana yao. Yeye na mumewe walitengeneza vitanda, milango na majeneza. Vitanda vilikaa ndani. Majeneza yalisimamishwa nje, yakiitazama barabara, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Watu walipopita hapo walikaza mwendo. Aliyetaka kitanda alienda kununua mbali.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mtu mpole. Lakini alikuwa na tabia moja. Akizungumza na mtu, macho yake yalianzia unyayoni, yakapanda taratibu hadi utosini. Hakuwa na nia mbaya, ni mazoea ya kazi tu. Hata hivyo, watu walihisi baridi mgongoni.

"Watu wanatuogopa," Mama Mbao alimwambia wakinywa chai. "Tuwafanyie wanamtaa jambo la bure. Wakishafika hapa, wataviona vitanda vyetu."

"Jambo gani?"

"Tuwapime presha. Mdogo wako anauza zile mashine dukani kwake. Atatusaidia."

Wakatundika bango kubwa lenye jina la karakana. Chini yake waliandika: VIPIMO BURE, KARIBUNI NYOTE.

Watu walikuja, maana cha bure kina mvuto wake. Walipanga foleni katikati ya majeneza, wakizungumza kwa sauti za chini kama walio msibani. Kila mtu alitoka juani na kukaa kitini moja kwa moja. Shemeji yake Mama Mbao alimfunga kitambaa cha mashine mkononi, kisha akasoma namba kwa sauti ili wote wasikie. Fundi alisimama nyuma ya kiti, akitazama kama kawaida yake.

Ikafika zamu ya fundi viatu wa pale kona, mzee mcheshi. Namba yake ilizipita za wengine wote.

"Umeshinda, mzee," shemeji alisema.

Foleni nzima ikapiga makofi. Fundi viatu alikunja ngumi akaiinua juu. Kisha akageuka, akamwona Fundi.

"Na wewe umeshanipima, au bado?"

Watu walicheka, ila kidogo.

Wiki haikuisha. Fundi viatu alianguka kibandani kwake, kiatu kikiwa bado mkononi. Hakuinuka tena.

Mchana wa siku hiyo mkewe alikuja karakana. Mama Mbao alimwendea akiwa amemnyooshea mikono miwili.

"Pole sana, mwenzangu."

Mjane hakuipokea mikono ile. Alisema polepole, "Nimekuja kwa ajili ya jeneza. Vipimo mnavyo tayari."

Fundi aliziendea mbao zake. Hakuchukua hata tepu. Alikata mbao, na jeneza lilipofikishwa kwa marehemu lilimtosha barabara.

Tangu hapo mtaa ulibadilika, watu wakinong'ona kwamba macho ya Fundi yanaroga. Fundi akisalimu, watu walikunja magoti kidogo, kana kwamba wanataka kuonekana wafupi. Muuza mboga alimwekea Mama Mbao nyanya zake chini, akarudi nyuma, akasubiri aondoke. Watoto waliacha kupita upande ule. Jua lilipowaka, mbao zilialika ndani ya karakana: ko, ko. Mama Mbao alijua kwamba ni joto. Bado aliacha kazi na kusikiliza, kana kwamba kuna mtu anayebisha kutoka ndani ya sanduku.

Jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuwa safarini siku zote hizo. Aliporudi alikuja kuwasalimu.

"Mbona mtaa umepoa hivi?" aliuliza.

Mama Mbao alimsimulia yote. Alipoitaja namba ya fundi viatu, muuguzi alifumba macho.

"Dada, ile si namba ya kupigiwa makofi. Ni namba ya kumpeleka mtu kwa daktari siku hiyohiyo."

"Lakini alikuwa mzima. Alikuwa anatuchekesha."

"Ndivyo presha ilivyo. Mara nyingi haina dalili. Mtu anacheka, anapiga kazi, kumbe moyo na mishipa vimeelemewa."

Mama Mbao alinong'ona, "Kwa hiyo ni sisi tuliomuua?"

"Siwezi kusema hivyo. Lakini habari mlikuwa nayo mkononi, na hamkujua maana yake."

"Tulitaka watu waijue biashara yetu, basi."

"Kutaka kujulikana si kosa. Ila ukiwaita watu kwenye jambo la bure, jambo lenyewe liwe la kweli. Anayepima awe amefunzwa. Anayepimwa akae kwanza, atulie, miguu ikanyage chini. Apimwe zaidi ya mara moja. Majibu ni siri yake. Yakiwa mabaya, ajue aende wapi. Na hayo majeneza yasiwe machoni pa mgonjwa."

"Na jina letu?"

"Liandikeni dogo. Mkimsaidia mtu, atalitaja mwenyewe."

Kesho yake Mama Mbao alikwenda kwa mjane. Alimkuta akipiga rangi kiatu ambacho mteja hakurudi kukichukua. Alimweleza namba ile ilikuwa na maana gani. Mjane aliendelea kusugua.

"Kwa hiyo hakurogwa," alisema mwishowe.

"Hapana. Alikuwa anaumwa, nasi hatukujua. Nisamehe."

Mjane alikiweka kiatu kile chini, akachukua cha pili.

Siku ya pili ya vipimo ilifanyika uani pa zahanati. Fundi alitengeneza mabenchi yenye egemeo, akayatoa zawadi yabaki pale. Muuguzi na wenzake walipima nyuma ya pazia. Walikuja watu wachache. Fundi mwenyewe alikubali kupimwa wa kwanza.

Halafu mjane akaingia. Vichwa vyote viligeuka. Alikwenda nyuma ya pazia, akakawia huko. Alipotoka, muuguzi alikuwa amemshika mkono, na wote wawili wakaelekea kwa daktari.

Jioni watu walisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe kwamba presha yake iko juu, na kwamba ameanzishiwa dawa. Tangu hapo, vipimo vilipofanyika, mabenchi hayakutosha. Watu waliuliza nani amechonga mabenchi mazuri hivyo. Mmoja aliagiza kitanda, mwingine mlango. Majeneza yalijengewa chumba chake nyuma ya karakana.

Mjane anaendelea na dawa zake, na kibanda cha viatu amekifungua tena yeye mwenyewe. Siku za vipimo hukifunga na kwenda zahanati, akakaa benchi la mbele. Mgeni akija mbio kutoka juani, yeye humvuta kando na kumpa nafasi.

"Kaa hapa," humwambia. "Usiongee. Tulia kwanza, kisha ndipo uingie."