Shuka Iliyokunja Uso

Uweso alikuwa fundi cherehani wa Mabawa, Tanga. Kila asubuhi alitoa cherehani yake barazani, akaitia mafuta, akaanza kazi. Mkewe, Saleha, aliketi juu ya mkeka karibu naye, penseli mkononi. Saleha alichora maua juu ya kitambaa. Uweso aliyafuata maua hayo kwa cherehani, kwa uzi wa rangi. Hivyo ndivyo walivyotarizi shuka na foronya za maharusi. Kazi ilikuwa ya watu wawili, na ugomvi wake pia ulikuwa wa watu wawili.

"Mbona jani hili umelikata ncha?" Saleha aliuliza.

"Umelichora refu mno. Hili ni jani au mkia wa kenge?"

Binti yao, Mwanasiti, alicheka. Alikuwa mchumba wa Haji, kijana wa mtaa wa pili. Harusi yao ilikuwa mwezi unaofuata.

Asubuhi moja alikuja Bi Asmahani, shangazi yake Haji. Alikuwa amebeba shuka chini ya kwapa. Uweso na Saleha walikuwa wameitarizi shuka hiyo kwa ajili ya harusi ya binti yake.

"Shikamoo, Bi Asmahani," Saleha alisema.

"Marahaba. Nimewaletea shuka yenu muione."

Aliikunjua juu ya mkeka. Ilikuwa imefuliwa mara moja tu. Maua yalikuwa yamejikunyata. Katikati yalivimba, pembeni yalivutwa. Uzi mwekundu ulikuwa umetoa rangi na kuchafua bafta, kile kitambaa cheupe cha pamba.

"Maua gani haya yaliyokunja uso?" Bi Asmahani aliuliza. "Mwanangu kachekwa na mawifi. Na mjue, kitanda cha Haji nitatandika mimi, mbele ya wanawake wote. Sitatandika kitu kama hiki."

Akaenda zake. Shuka akaiacha.

Mwanasiti aliingia ndani. Saleha alimsikia akilia.

"Mkono wako mzito," Saleha alimwambia mumewe. "Unavuta kitambaa."

"Na uzi nani kauchagua? Mimi?"

Walinyamaziana hadi adhuhuri. Cherehani haikulia.

Jirani yao, Dorkasi, alisikia kimya hicho. Alikuwa mwanamke wa Kishambaa, mke wa mfanyakazi wa shamba la mkonge. Yeye alitarizi vitambaa vya meza ya kanisa lao. Watu walimwita Mama Noa.

"Hodi. Leo cherehani yenu inaumwa?"

Saleha alimwonyesha shuka. Dorkasi aliigeuza, akatazama upande wa nyuma.

"Bafta hii mliifua kabla ya kutarizi?"

"Haifuliwi," Uweso alijibu. "Shuka ya bi harusi haiguswi na maji kabla ya harusi. Lazima inukie duka. Nguo iliyofuliwa ni nguo ya jana."

"Basi hapo ndipo penye tatizo. Bafta ya dukani ina wanga mwingi. Ukiifua mara ya kwanza, wanga unatoka na kitambaa kinarudi, yaani kinapungua. Uzi wako haupungui sawa nacho. Kitambaa kinakwenda, ua linabaki. Litaacha kujikunja?"

"Kanisani kwenu mnatandika meza, Mama Noa. Sisi tunatandika kitanda cha harusi."

"Maji hayaulizi dini, Baba Mwanasiti."

Saleha alicheka. Uweso hakucheka. Lakini alivuta kigoda, akampa Dorkasi akae.

"Na unapotarizi, kitambaa unakishikaje?" Dorkasi aliuliza.

"Kwa mikono. Mikono yangu ni ya fundi."

"Mikono huchoka. Mbao haichoki."

Alikwenda kwake akarudi na duara mbili za mbao, moja ikiingia ndani ya nyingine. Alitia kitambaa katikati, akakiwamba. Alikigonga kwa kidole. Kililia kama ngoma ndogo.

"Sitaki mniamini tu," alisema. "Tujaribu."

Saleha alichukua vipande viwili vya bafta ile ile. Kimoja alikifua kwa maji ya moto na sabuni, akakianika, akakipiga pasi. Cha pili alikiacha na wanga wake wa dukani. Alichora ua moja juu ya vyote. Uweso aliviwamba kwenye mbao, akavitarizi kwa uzi ule ule mwekundu, kwa mkono ule ule. Kisha vyote viwili vikafuliwa.

Jioni vilikauka. Kile ambacho hakikufuliwa kwanza kilijikunyata kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Kile kilichofuliwa kilitulia. Uweso alipitisha kidole gumba juu ya ua. Akapitisha tena.

"Basi mkono wangu si mzito," alisema.

"Si mzito," Saleha alikubali. "Lakini uzi mwekundu umetoa rangi tena. Hilo ni langu."

"Kila uzi mpya ujaribuni," Dorkasi alisema. "Ulowesheni, mwufinye ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha alama, msiutumie."

Saleha alijaribu nyuzi zote nyekundu za dukani mpaka mwenye duka akanuna. Mmoja haukuacha alama. Akauchukua.

Walifua bafta ya Mwanasiti, wakaitarizi. Ilipokwisha, waliifua tena kuondoa penseli. Kisha Saleha alipika uji mwembamba wa wanga wa muhogo, akaichovya shuka humo, akaipiga pasi upande wa nyuma ili maua yasilale. Akaifukiza udi. Shuka ikakakamaa kama iliyotoka dukani.

Siku ya harusi, Bi Asmahani aliitandika mbele ya wanawake. Aliifinya pembe. Ikalia kwa wanga.

"Mpya," alisema.

Saleha angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Imefuliwa mara mbili, Bi Asmahani."

Bi Asmahani aliiachia pembe.

"Imefuliwa? Kabla bi harusi hajailalia?"

"Mara ya kwanza, kabla sindano haijaigusa. Ndiyo maana haitakunja uso."



"Tutaiona baada ya fungate," Bi Asmahani alisema, akaendelea kutandika.

Fungate ilipokwisha, Mwanasiti alifua shuka yake, akaianika uani kwa mumewe. Mawifi walikuja mmoja mmoja, kama waliokuja kuomba chumvi. Waliitazama mbele, wakaitazama nyuma. Maua yalikuwa yametulia, na weupe wa bafta ulikuwa safi. Bi Asmahani alikuja wa mwisho. Aliipapasa, akaondoka.

Baada ya siku chache, Uweso alimwona akija barazani na furushi. Ndani yake mlikuwa na bafta kwa ajili ya shuka nyingine ya binti yake, badala ya ile iliyoharibika.

Uweso aligeuka ili amwambie Saleha alete beseni la maji.

"Kaa," Bi Asmahani alimwambia. "Nimekwisha kuifua. Wamba, ufanye kazi."