Sahani ya Dirishani

Bogna alikunja pierogi, zile sambusa ndogo za Kipolandi za kuchemsha, arobaini na nane, akazipanga sita sita juu ya ubao uliopakwa unga. Alikwenda kunawa mikono. Aliporudi, zilikuwa arobaini na tisa.

Alihesabu tena, safari hii kwa kidole. Ile ya ziada ilikaa peke yake pembeni, imejazwa viazi na jibini kama nyingine zote, ila ukingo wake haukuwa kazi yake. Bogna hubana ukingo kwa ncha za vidole, haraka haraka, kwa sababu saa sita watu wanajipanga na njaa haisubiri madoido. Hii ilikuwa imesokotwa kama kamba, taratibu, kuelekea kushoto. Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Ilikuwa saa moja asubuhi na mlango wa nyuma ulikuwa bado una komeo.

"Nazeeka," alijiambia, akaitupa kwenye pipa la taka.

Kesho yake zilikuwa tatu, na aliziona akiwa amechelewa, zimeshaingia kwenye maji yanayochemka.

Mkahawa huo uko kwenye kona huko Bałuty, mjini Łódź, tramu zinapokata kona kwa kelele. Una vigae vya njano na ubao wa chakula wenye herufi za plastiki, nusu yake zimeshadondoka. Unaagiza kwa Bi Teofila pale kaunta, anakupa kikaratasi, unakipeleka kwenye dirisha la jikoni na kusubiri kuitwa. Ukimaliza unarudisha vyombo mwenyewe, na usipovirudisha Bi Teofila atakutangaza mkahawa mzima. Mwenye mkahawa ni Zenon, mwanamume mpole, mnene kiasi, anayekata nyama bila kusema neno. Jikoni alikaa mkewe Kazimiera miaka ishirini na mitatu, mpaka alipofariki Novemba ya mwaka juzi. Juni iliyopita Zenon alimwoa Bogna.

Kuolewa na mjane si kazi ngumu. Kazi ni kuolewa na wateja wake. Kila aliyekula alikuwa na la kusema: supu ya bitiruti ya Kazimiera ilikuwa na ukali wake, kachumbari ya Kazimiera ilikatwa nyembamba zaidi, marehemu hakuwa mtu wa kukimbiakimbia hivyo. Bogna alitabasamu miezi saba mfululizo, na moyoni alikuwa anaungua.

Siku ile ya pierogi tatu, aliyepata sahani hiyo alikuwa Mzee Ireneusz, aliyeendesha tramu maisha yake yote na sasa anaendesha midomo ya watu. Alitafuna moja, akaacha uma. Alikuja mpaka dirisha la jikoni na kuingiza kichwa.

"Mama, leo umepatia!"

"Jana nilikosea nini, mzee?"

"Jana ulipika. Leo umepika." Macho yake yalikuwa na machozi. "Huu ni mkono wa marehemu kabisa. Nani kakufundisha?"

Mtu mwingine angeogopa. Bogna aliona wivu, wivu mtupu. Alibamiza mfuniko wa sufuria na kusema kwamba foleni ni ndefu, mzee apishe wenzake.

Wiki ile zilikuja saba, kisha kumi na mbili, kisha nusu ya ubao. Alikaa akizilinda na hazikuja. Akipepesa macho tu, zipo. Mkahawa ulianza kujaa, watu wakasimama mpaka nje kwenye theluji, na wote walitaka hizo hizo zenye ukingo wa kamba. Zilizokunjwa na mikono ya Bogna zilirudi kwenye dirisha la vyombo zimemegwa kidogo tu. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa mpishi, kuona chakula chake kinarudi.

Zenon naye alibadilika. Alianza kunyoa ndevu kila siku na kupiga mluzi. Saa tisa, wateja wakipungua, alikaa kwenye ile meza ya dirishani na kula taratibu.

Meza hiyo hakai mtu mwingine. Wapolandi, mkesha wa Krismasi, huandaa sahani moja ya ziada mezani kwa ajili ya mgeni ambaye hakualikwa, na wengi moyoni huiandaa kwa ajili ya aliyewafia mwaka huo. Zenon aliiandaa sahani hiyo mkesha wa kwanza baada ya msiba. Asubuhi yake kila nyumba huosha sahani hiyo na kuirudisha kabatini. Yeye hakuiosha. Aliiacha pale pale, na uma wake, na leso yake iliyokunjwa, na Krismasi mbili zikapita. Bogna alipouliza siku aliyohamia, aliambiwa, "Ni sahani tu, mpenzi." Tangu hapo aliipita kila siku akiichukia, na hakuigusa.

Sasa alimwona Zenon ameinama mbele ya sahani hiyo tupu, akisema maneno ya chini chini na kunyamaza, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Alipomaliza na kuondoka, Bogna alikwenda kuitazama. Sahani ilikuwa na mafuta. Kwenye leso palikuwa na alama ya mdomo.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Nani, mimi?"

"Zenon, usinifanye mjinga. Nani amekula hapa?"

Alikwepa macho yake. "Punguza sauti. Watu wanakula."

"Umemkumbuka sana, eh?"

"Bogna, jamani. Utamwonea wivu mtu aliyeko kaburini?"

"Angekuwa kaburini nisingemwonea," alisema, na ndipo aliposikia alichokisema, na hofu ikamwingia kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo ilikuja kwa harufu. Kila ilipofika saa nne jikoni palinuka kitunguu kinachokaangwa kwa siagi, na kikaangio kiko baridi, kimening'inia ukutani. Na chini ya harufu hiyo ilikuwepo nyingine, ya nta ya zile taa zinazowashwa makaburini siku ya Watakatifu Wote, nta na majani yaliyooza. Kisha zikaja ndala zisizoonekana, sauti tu. Zilijikokota kutoka kwenye jokofu mpaka meza ya unga, zikasimama, zikarudi. Bi Teofila alizisikia kutoka kaunta. Alinyanyuka mweupe kuliko risiti zake na kuja kumshika Bogna mkono.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

"Nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu. Alikokota mguu hivyo hivyo."

"Nyamaza, Bi Teofila. Tafadhali nyamaza."

Alhamisi hiyo, mchana kweupe, mkahawa umejaa na Mzee Ireneusz akisikika akibishana na mtu kuhusu mpira, Bogna alikuwa ameingiza mikono kwenye unga mpaka viwikoni, anaukanda kwa nguvu na kwa hasira, akiapa moyoni kwamba leo zitauzwa zake na zake tu, alipohisi mtu amesimama nyuma yake, karibu mno, karibu kama mume anavyosimama, na kabla hajageuka mikono miwili baridi ilipita chini ya makwapa yake, ikashuka juu ya mikono yake mwenyewe, ikaingia naye ndani ya unga, kidole juu ya kidole, ikaanza kumkandisha kwa mwendo wake, polepole, kushoto, polepole, kushoto, na yeye akijaribu kupiga kelele sauti haitoki, na shingoni anahisi pumzi isiyo na joto, na sauti ya mwanamke ikamwambia sikioni, bila ukali wowote, kwa upole wa mtu anayerekebisha mfanyakazi mpya: "Siyo hivyo. Yeye hapendi hivyo."

Walimkuta chini ya meza. Mikono yake ilikuwa imekuwa myeupe mpaka kwenye viwiko, na haukuwa unga.

Bi Teofila ndiye aliyempigia simu Bibi Paraska. Huko mashariki, vijiji vya Podlasie, wapo bibi wanaotibu kwa kunong'ona sala juu ya kichwa cha mgonjwa, na watu wa mjini huwacheka mpaka siku wanapowahitaji. Alikuja Jumanne kwa treni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha maua kichwani na mfuko wa katani. Mkahawa ulifungwa saa nane, karatasi ikabandikwa mlangoni kwamba bomba limepasuka. Alimfunika Bogna kichwa kwa shuka, akachoma kitita cha katani juu yake, akanong'ona. Moto ulipanda wima, kisha ukalala kuelekea dirishani. Bibi Paraska aliufuata kwa macho mpaka kwenye sahani.

"Hiyo ya nani?"

Zenon aliangalia viatu vyake. Bogna alieleza.

"Krismasi mbili?" Bibi alijipiga paja. "Wewe baba una akili kweli? Hiyo ni sahani ya usiku mmoja! Mgeni anakula, unamshukuru, unaosha chombo, anajua karamu imekwisha. Wewe umemwachia meza mwaka mzima na zaidi. Atakwendaje?"

"Hakuwa anamsumbua mtu," Zenon alisema kwa sauti ndogo.

"Tazama mikono ya mkeo, halafu useme tena." Bibi alimgeukia Bogna. "Binti yangu, haina ugumu. Chukua sahani, osha kwa maji ya moto, weka kabatini. Mwanamke wa nyumba akiosha, imetosha. Usiku huu utalala vizuri."

Bogna aliinuka. Aliikaribia sahani, mkono wake ukawa juu yake kabisa. Sinki lilikuwa hatua tano kutoka pale. Ndipo alipomwona Zenon anavyomtazama, uso umemshuka kama mtu anayetolewa jino, na miezi yote ya kutabasamu ikampanda kichwani.

"Hapana," alisema. "Aioshe yeye."

"Binti..."

"Aliyemkaribisha ndiye amfukuze. Nataka kusikia kwa masikio yangu. Kwani hakuna maneno ya kumwambia aondoke?"

"Yapo," Bibi Paraska alisema, na sauti yake ikawa imepungua. "Ya zamani. Unamwambia umekula, umekunywa, kisha unamtaja jina unayetaka aondoke. Na anayetajwa ataondoka. Lakini usimpe mwanamume mtihani wa namna hiyo. Nakuomba kama mama yako. Osha sahani."

"Aseme," Bogna alisema. "Mimi ndiye mke hapa au siyo?"

Harufu ya kitunguu ilikuwa imejaa mkahawa mzima. Nje theluji ilikuwa inaanguka na taa za mtaani zimeshawaka ingawa saa kumi ilikuwa haijafika. Zenon alikwenda mezani akiburuta miguu, akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Umekula," alisema. Kiti kilichokuwa mbele yake kilisogea kidogo, bila mtu. "Umekunywa."

Sasa lilibaki jina. Kisha aliinua kichwa, na badala ya kutazama kiti alimtazama Bogna, kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililomtisha kuliko mikono baridi na ndala na nta, kwa sababu alikuwa hajawahi kutazamwa na mumewe kwa macho laini namna ile tangu siku ya ndoa, na alielewa kabla ya neno kutoka, akafungua mdomo kusema basi, acha, nitaosha mimi, lakini Zenon alikuwa ameshavuta pumzi.

"Nisamehe," alisema. "Bogna."

Bibi Paraska alipiga ukelele. Bogna alihisi kamba za aproni zinafunguka mgongoni, zote mbili kwa pamoja, kisha kitu kingine ndani zaidi kikafunguka vilevile. Hakuanguka. Alijikuta tu amesimama barabarani, kwenye theluji, na haikuwa baridi.

Ndani, kwa kioo, aliona aproni yake imevaliwa. Aliona nywele zake, shingo yake, lile baka dogo chini ya sikio. Mwanamke huyo alikuwa ananyoosha vidole kimoja kimoja, akivitazama, kama mtu anayejaribu glavu mpya dukani. Mikono ilikuwa imerudi rangi yake. Zenon alipiga goti, mwanamume mzima, akaushika mkono mmoja na kuubusu, akaubusu tena. Bogna mkono huo hakuwahi kubusiwa hivyo, na wivu ulimshika pale pale, ukiwa mzima, kana kwamba wenyewe haukuhitaji mwili.

Mlango ulifunguka na Bibi Paraska akatoka na mfuko wake. Alisimama mahali ambapo Bogna alikuwa amesimama, akatazama kulia na kushoto, machozi yanamtiririka.

"Nilikuomba kama mama yako," aliuambia upepo. "Sijui uko wapi, binti. Nilikuomba." Kisha akaelekea kituo cha tramu.

Mzee Ireneusz alikuja, akasoma ile karatasi ya bomba na kuguna. Aligonga mlango.

"Mzee, nisikie," Bogna alimsihi. "Mzee Ireneusz, ni mimi. Yule si mimi!"

Bi Teofila alitoka jikoni, akamfungulia mzee. Aligonga viatu kizingitini kudondosha theluji, akaingia, akavuta mlango vizuri nyuma yake ili joto lisitoke.

Ndani walianza kupakua supu. Mzee alisema neno, Zenon akacheka. Bogna hakuwahi kumsikia akicheka. Aliusogelea uso wake kwenye kioo mpaka ukakigusa, na kioo hakikuingia ukungu. Wakati huo mwanamke mwenye aproni aliinua macho. Zenon hakumwona Bogna, mzee hakumwona, Bi Teofila hakumwona. Yeye alimwona. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akafuta mikono, akaja dirishani bila haraka, akavuta pazia, kama afanyavyo mke yeyote akikuta mwanamke mwingine anamkodolea mumewe macho.