Kiungo cha Mkongojo

Tuanze na asubuhi njema, ndugu zangu, kwa sababu nyumba hii ilikuwa nazo nyingi. Ilikuwa ghorofa ya tatu, na sebuleni palikuwa na meza ndefu karibu na dirisha. Hapo binti wa nyumba alimimina epoksi kwenye vikalibu vidogo. Kwa asiyeijua, epoksi ni gundi ya maji mawili: ukiyachanganya kwa kipimo yanaganda, yanakuwa magumu na kung'aa kama kioo. Binti alizamisha humo maua makavu na vipande vya shaba, akatengeneza hereni na vidani, mpaka majirani wakambandika jina la Hereni. Baba yake, seremala mstaafu, alikaa pembeni akimchokoza.

"Asali yako hailiki wala hainyweki, na bado watu wanaigombania."

"Wivu tu, Baba. Umetengeneza milango miaka arobaini, na hakuna hata mmoja uliovaliwa sikioni."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama akawaambia kutoka jikoni kwamba chai itaungua kwa sababu yao.

Wiki hiyo upepo uliusukuma mlango wa chuma wa kule chini, ukaubana mkongojo wa mzee na kuukata katikati. Aliuchonga mwenyewe goti lilipoanza kumsumbua, na bila huo hakuweza kushuka ngazi. Alitaka kuchonga mwingine, lakini vidole vilikuwa vimekwisha kuwa vizito.

"Niachie mimi," alisema Hereni. "Utaushangaa."

Alikwenda dukani kununua epoksi yake ya kila siku. Muuza duka, mtu wa maneno machache, aliviona vile vipande viwili vya mti mkononi mwake akamuuliza ni vya nini. Akamwambia.

"Dada, unayochukua ni ya mapambo. Haibebi uzito wa mtu, na ikipata joto inalegea. Ya kuunga kitu kama hicho ni hii nzito. Na utoboe pande zote mbili, upitishe chuma ndani."

Hereni alilifungua lile kopo, akaona uji wa kijivu kama saruji mbichi.

"Hii kwenye mkongojo wa baba yangu? Utafikiri umefungwa bandeji. Mimi nafanya kazi hii miaka sita, kaka. Epoksi ni epoksi."

Muuza duka alinyanyua mabega na kumfungia alichotaka. Mnaona wenyewe, alionywa na mtu ambaye angepata faida ileile kwa kopo lolote. Lakini kichwa kilikuwa kimevimba, na masikio yametiwa pamba.

Kazi yenyewe ilipendeza, lazima tuseme haki. Alizinyoosha ncha mbili zilizovunjika, akaacha nafasi ya vidole viwili kati yake, akaijaza epoksi safi yenye maua madogo ya buluu. Ilipoganda, ungedhani mti umekatika na maua yakabaki yakielea hewani. Alipiga picha akaituma kwa wateja, na sifa zikamiminika siku nzima.

Mzee aliupokea kwa mikono miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye kiungo, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Umeweka chuma ndani?"

"Kingeonekana, Baba. Kingeharibu kila kitu."

Mzee alimtazama binti yake, aliyekuwa bado ameishika simu, uso uking'aa.

"Ni mzuri sana, mama," alisema. "Asante."

Wiki mbili zikapita salama. Kisha mteja mmoja akataka mkongojo kama ule kwa ajili ya mama yake, na Hereni akauegemeza dirishani adhuhuri ili apate picha yenye mwanga. Alipiga picha, akarudi mezani, akausahau hapo. Alijua fika kwamba hereni zikiachwa juani hulainika na kupinda, kwa kuwa zake zilishapinda mara nyingi. Hakuyaunganisha mambo hayo mawili.

Saa tisa mzee alitaka kushuka kuwaona wenzake.

"Mkongojo wangu uko wapi?"

"Dirishani, Baba. Chukua," alijibu bila kuinua kichwa.

Alisikia mlango, hatua nne, kisha mshindo uliogonga ngazi moja baada ya nyingine. Alipofika alimkuta baba yake chini, mguu umegeukia upande usio wake. Mkongojo ulikuwa ngazi ya tatu kutoka juu. Kiungo hakikuvunjika kwanza. Kilipinda, kisha kikachanika. Alipokigusa kilikuwa bado na joto, na ukucha wake ukazama ndani.

Ilikuwa nyonga iliyovunjika. Madaktari waliifunga vyuma, lakini kulala chali kulimjaza maji mapafuni. Alikaa hospitali siku kumi na moja, na siku ya kumi na mbili hakuamka.

Baada ya mazishi Hereni alipiga magoti mbele ya mama yake, akamweleza yote: duka, kopo la kijivu, dirisha. Alingoja apigwe, au afukuzwe. Mama alikuwa akikunja mashati ya marehemu, na hakuacha kuyakunja.

"Alijua," alisema. "Siku ileile uliyompa. Alikuja jikoni akaniambia kiungo hiki hakitahimili. Nikamwambia, basi mwambie mtoto. Akasema, acha, amefurahi mno."

Hereni hajamimina tena tangu siku hiyo. Watu husema atasahau. Mimi sidhani.

FUNZO

Msilaumu epoksi. Ile ya mapambo ni nzuri kwa mapambo, na ya kijivu ni nzuri kwa kubeba mzigo. Kabla hujachagua, jiulize kitu hiki kitafanya kazi gani, kitakaa juani au kivulini, na nani atakiegemea. Anayeuza akikuonya, msikilize, hata kama umefanya kazi hiyo miaka sita au sitini.

Na nyinyi wazazi, niwaambie lisilopendeza. Binti alikosea kwa kiburi, lakini baba alikosea kwa upendo, na makosa yote mawili yalikutana kwenye ngazi. Ukiona kazi ya mwanao ina kasoro, mwambie siku hiyohiyo. Atanuna, pengine atalia. Mwache alie, na wewe uwepo umbembeleze.